Muulize Shangazi: Filamu ya mchekeshaji na dada mwenye sinia

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa hapa Mafinga. Tuko kumi na wanne, wengi mchana tunashinda kwenye mbao na jioni ndiyo tunaigiza. Tunaandaa filamu ya maisha ya mchekeshaji mmoja wa kwetu, sasa marehemu. Bila shaka unamjua, maana CD zake ziliuzwa kila stendi kuanzia Makambako hadi Ilula. Wapo wanaompenda mpaka leo, na wapo wasiotaka hata kusikia jina lake, kwa sababu alipata umaarufu kwa kuigiza wasichana wa kazi wa Iringa, Wakinga wa dukani, wenye kigugumizi na watu wenye ualbino. Familia yake inataka tumsafishe. Wengine mtaani wanasema tusimguse kabisa. Sisi tumeona tupite katikati: tumeweka Mhehe mmoja, Mbena mmoja, Mkinga mmoja, Mnyakyusa mmoja na mwenye ulemavu mmoja, ili kila atakayeangalia aone na yeye yumo. Lakini dada mmoja wa kikundi, ambaye aliwahi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, amekataa nafasi tuliyompa na sababu hataji. Tumekosea wapi? Skripti nimeambatanisha.

Katibu wa kikundi, Mafinga

JIBU

Marahaba mwanangu, na kamwene kwa kikundi chote.

Skripti yenu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ina sini 62, yaani vipande vya kuigizwa. Dada wa kazi yumo katika sini tisa. Ya kwanza amebeba ndoo. Ya pili sinia. Ya tatu mtoto mgongoni. Ya nne sinia tena. Nikaendelea kuhesabu hadi ya tisa, ambapo amebeba begi lake anafukuzwa. Jina hana, mmemwandika tu "Dada wa kazi". Mkinga wenu ana sini tatu, na zote tatu anahesabu hela. Mwenye kigugumizi anaanza sentensi moja, kabla hajaimaliza sini inakatwa.

Mmehesabu watu kama konda anavyohesabu abiria wake kabla gari halijaondoka stendi. Konda anataka viti vijae, hana haja ya kujua nani anakwenda msibani na nani anakwenda kuposa. Ninyi mnatengeneza filamu, hiyo haja mnayo. Mhehe mmoja, Mbena mmoja, Mkinga mmoja, kila mtu na mstari wake mmoja! Marehemu alifanya hivyohivyo jukwaani: alichukua kabila zima akalibana kwenye tabia moja. Mmemrudia, tofauti ni kwamba ninyi mmemrudia kwa heshima.

Huyo dada aliyekataa sijamuuliza sababu, lakini nadhani naijua. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka kumi na tano. Alikuja kijijini kwetu Kilolo mama mmoja kutafuta msichana wa kazi, nikaondoka naye, nikashuka Dar es Salaam nimevaa sweta la shule kwenye lile joto, maana ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Nyumba niliyofikia ilikuwa na TV, na Jumapili jioni kulikuwa na vichekesho. Mchekeshaji, si huyo wenu, alijifunga kanga kifuani akawa dada wa kazi kutoka Iringa. Akavuta maneno. Akasogea kwenye balbu akaipuliza kama kibatari. Mimi ndiyo nilikuwa naingia na sinia: vikombe vitano, birika la chai ya maziwa, sahani ya maandazi. Nyumba nzima ikanigeukia. Hawakunitukana. Baba mwenye nyumba alisema kwa upole kabisa, "Hebu na wewe sema kama yeye." Nikasema. Watoto wakajitupa chini kwa kicheko. Ninachokumbuka ni kifuniko cha birika kikigongagonga kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, na nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba chai isimwagike kwenye vikombe vya wageni.

Baada ya jioni ile nilikaa karibu mwaka mzima naongea kwa kunong'ona. Niliogopa mtu asisikie nimetoka wapi.

Sasa rudi kwenye skripti yenu, sini ya 31, usiku ule marehemu anapojaza ukumbi kwa mara ya kwanza. Mmeandika kurasa nne nzuri sana, nakusifu kwa hilo. Lakini kamera iko kwake tangu anapanda jukwaani hadi anashuka, na watu wanacheka kama sauti tu ya nyuma. Naomba kamera igeuke. Iende kwa mtu mmoja aliyekaa pale ambaye hacheki, au anayecheka kwa sababu wenzake wote wanacheka. Ikae kwake hadi kichekesho kiishe. Sitaki mkiondoe kichekesho chenyewe. Kiacheni kilivyokuwa, na ukali wake wote, na neno baya alilolitumia liacheni. Mkikisafisha, mtazamaji hataelewa kwa nini kuna watu Mafinga hawataki kusikia jina la huyu mtu, na filamu yenu itakuwa ya uongo kwa pande zote mbili, kwa waliompenda na kwa walioumia.

Najua kuna atakayesema, "Shangazi, huo ni utani tu, sisi watu wa kusini tumezaliwa na utani." Hapo sinyamazi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Babu yangu alipofariki, mtani wake Mngoni alifika msibani asubuhi, akachukua koti la babu, akalivaa, akatembea uani akichechemea mguu wa kushoto kama yeye. Akakohoa kikohozi chake. Akataja madeni ya pombe ya ulanzi ambayo babu hakuwahi kumwambia mtu. Akamwita bibi kwa jina ambalo babu alikuwa anamwita wakiwa wawili tu. Bibi alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akainuka, akamshika mtani kola ya koti na kumjibu palepale, mbele ya waombolezaji wote, hadi mtani akakimbilia nyuma ya migomba. Hakuna filamu ya maisha ya mtu niliyowahi kuiona ikaifikia ile. Na angalia ilivyokaa: anayeigizwa ni wa kwao, wanaoguswa wako palepale, na kinywa cha kujibu wanacho. Utani ni wa pande mbili. Mimi na sinia langu ningemjibu nani? Yule wa kwenye TV hakuwa ananisikia, na baba mwenye nyumba ndiye aliyekuwa anashika mshahara wangu.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja, kikubwa kuliko idadi ya makabila: wapeni wale aliowacheka nafasi ya kujibu ndani ya filamu. Binti yangu anasoma chuoni pale Mkwawa, na baada ya barua yako alinitafutia filamu za namna hii za Marekani, tukaziangalia wikiendi mbili mfululizo kwenye kompyuta yake. Nakueleza nilichokiona, maana waliotutangulia wamepitia palepale mlipo.

Iliyonigusa zaidi ni "Dolemite Is My Name" ya mwaka 2019. Inamhusu Rudy Ray Moore, mchekeshaji mweusi wa Marekani aliyerekodi vichekesho vya matusi makali, halafu mwaka 1975 akatoa filamu yake mwenyewe baada ya wenye studio kumkataa. Eddie Murphy ndiye anamwigiza. Lakini mimi nilimwangalia mwanamke. Moore anakutana na Lady Reed kwenye klabu, mama mwenye mwili mkubwa, amemtandika mwanaume hadharani, na badala ya kumfanya kichekesho anampa maikrofoni. Mwishoni, kabla hawajaingia kuona filamu yao, Lady Reed anamshukuru, anamwambia hajawahi kuona mtu anayefanana naye kwenye skrini kubwa. Mwanangu, nilisimamisha filamu hapo. Binti yangu aliniuliza kama naumwa. Aliyemwigiza, Da'Vine Joy Randolph, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2024 kwa filamu nyingine, na nilifurahi kama vile ni wa Kilolo.

Hata hivyo kuna mahali sikuridhika. Huyo Dolemite, mhusika aliyemfanya Moore ajulikane, ni kuwadi, mtu anayeishi kwa jasho la wanawake, na filamu inalipita jambo hilo haraka sana kwa sababu inampenda mhusika wake mkuu. Angalieni msije mkafanya hivyohivyo. Mtu mnayempenda ndiye mgumu kuliko wote kumwandika.

Ya zamani zaidi ni "Lenny" ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Bob Fosse, Dustin Hoffman akimwigiza mchekeshaji Lenny Bruce. Huyu alikamatwa mara kadhaa kwa maneno aliyoyasema jukwaani, akahukumiwa New York mwaka 1964, akafa 1966 rufaa ikiwa bado haijaamuliwa. Msamaha wa gavana ulikuja mwaka 2003, yeye yuko kaburini. Alikuwa na hoja kwamba ukilificha neno la kubagua ndiyo unalipa nguvu, akawa anayataja moja baada ya jingine, ya kuwatukana weusi, Wayahudi kama yeye, na wengine. Unaweza kumkubali au kumkataa. Kilichonipendeza ni namna filamu ilivyopangwa: haikumwachia Lenny ajisemee peke yake. Inakata, inakwenda kwa mke wake Honey, kwa mama yake, kwa wakala wake, kila mmoja amekaa kwenye kiti anaulizwa maswali, na hawasemi kitu kimoja. Hilo nanyi mnaliweza bila gharama. Kiti kimoja, dirisha moja, mwanga wa asubuhi. Mkalishe mke wa marehemu. Mkalishe Mkinga ambaye duka lake lilitajwa kwenye CD. Mkalishe dada wa kazi, mpe jina, na kwa mara moja mikono yake isibebe kitu.

Ipo na "Man on the Moon" ya 1999, Jim Carrey akiwa mchekeshaji Andy Kaufman. Kaufman aliwatukana watu wa mji wa Memphis hadi akawaonyesha kwenye TV jinsi ya kutumia sabuni. Unaona, sabuni ya kule ni balbu yetu ya kupuliza. Mwaka 1982 alipanda ulingoni huko Memphis na mwanamieleka wa kwao, Jerry Lawler. Filamu ilipotengenezwa, Lawler akajiigiza mwenyewe. Na ninyi fikirini hilo. Pale Mafinga lazima yupo mtu aliyewahi kugombana na marehemu hadharani na bado yuko hai. Mfuateni.

Kuna jambo mmelizika ukurasa wa 58, mistari miwili tu: kwamba mpwa wake mwenyewe alipopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, marehemu aliacha kumwigiza dada wa kazi na hakumrudia tena. Mwanangu! Hiyo ndiyo filamu, na ninyi mmeiandika kama tangazo. Mwaka 1979 Richard Pryor, mchekeshaji mweusi mkubwa wa Marekani aliyekuwa akilitumia neno la kuwatukana weusi katika kila onyesho, alikuja Kenya. Akakaa ukumbini hotelini akiangalia watu wanavyopita, weusi wa kila namna na kila kazi, akagundua kwamba tangu afike neno lile halijamtoka mdomoni. Akaacha kulitumia, na mwaka 1982 akawaeleza watazamaji wake hadharani, kamera zikiwaka. Ya kwenu hayakutokea hotelini, yametokea stendi ya Mafinga, mjomba anamsindikiza mpwa wake kupanda basi. Alimwambia nini? Mtoto alibeba nini? Basi lilipoondoka yeye alibaki wapi? Waulizeni familia, na mpwa mwenyewe kama yupo muulizeni kabla ya wote. Mkipata majibu, andikeni kurasa sita.

Kuhusu familia kutaka asafishwe, kaeni nao mapema na muandikiane, msisubiri filamu ikamilike. Vichekesho vyake ni mali yenye wenyewe: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, hivyo mkitaka kurudia vipande vya CD zake mnahitaji ruhusa ya warithi, na wenye kurekodi pia. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaelekeza. Kibali cha Bodi ya Filamu nacho kiombwe kabla ya kupiga picha. Mjane mwambieni ukweli, kwamba hamtamsafisha na hamtamchafua, na kwamba kiti cha kwanza cha kuhojiwa ni chake.

Na dada aliyekataa, msimbembeleze aigize. Mpelekeeni skripti, zile sini tisa, na kalamu. Mwambieni aziandike upya anavyotaka, na jina lake liwe kwenye orodha ya waandishi. Akikataa tena, muacheni. Akikubali, mlipeni kama mnavyomlipa mwandishi mwingine.

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Uyole, Mbeya, naigiza. Kuna watu wa Mafinga wamenialika kwenye filamu yao, wanataka niwe mtu mwenye ualbino, wanipake rangi mwili mzima na nywele. Malipo ni mazuri na mimi nafasi ya kwanza ndiyo hii. Rafiki zangu wanasema kuigiza ni kuigiza. Nikubali?

Kijana wa Uyole

JIBU

Marahaba. Barua zenu zimefika wiki moja, naona ni filamu ileile.

Usikubali, mwanangu. Najua njaa ya nafasi ya kwanza, na rafiki zako wana hoja. Hata mimi sisemi kwamba Mhehe aigizwe na Mhehe tu. "Dolemite Is My Name" iliongozwa na Mzungu, Craig Brewer, na waandishi wake wawili ni Wazungu, lakini mavazi yaliyowafanya watu wale wapendeze na kuheshimika ni kazi ya Ruth E. Carter, mwanamke mweusi, na waigizaji wenye uzito ni weusi. Kila mtu aliingia na alichokuwa nacho. Wewe Mnyakyusa ukijifunza Kihehe ukaigiza Mhehe, nitakuja kuangalia.

Ngozi ni jambo jingine. Kwenye nchi hii watu wameuawa kwa ajili ya ngozi hiyo, na Mbeya yetu imo. Marehemu aliwageuza kuwa kichekesho kwa kujipaka unga usoni. Filamu inayomchunguza ikija kumpaka mtu rangi, inafanya tena kilekile. Na watu wenyewe wapo, wana vipaji. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwani, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao. Kama jimbo zima liliweza kumwona mtu, kikundi cha watu kumi na wanne kitashindwa vipi kumpata mwigizaji? Waende kwenye Chama cha Watu wenye Ualbino, waseme wanatafuta mwigizaji, wapeleke skripti, si kamera.

Wewe waandikie leo, waombe nafasi nyingine. Ninavyoona mimi, rafiki wa marehemu anayempeleka hospitali kwenye sini ya 54 bado hana mtu.

Na wakishampata mwigizaji huyo, waambie hivi kutoka kwangu. Jua la nyanda za juu linadanganya: upepo wa baridi unapuliza na ngozi inaungua. Picha za nje zipigwe asubuhi kabla ya saa nne, au jioni baada ya saa kumi. Awe na kivuli cha kukaa wakati wa kusubiri, mafuta ya kukinga jua yanunuliwe na kikundi, na maandishi ya skripti yake yawe makubwa, kwa sababu wengi wao macho yanawasumbua. Kofia iwe ya ukingo mpana, na wampe kabla hajaiomba.